Pasi Baridi ya Bibi Hadong

Katika soko letu, ukitaka kucheka bure, ulikuwa unakwenda kumtazama Pyo Sun-im akifunga kibanda. Anachomoa kila plagi, anarudi kuangalia kama kweli ameichomoa, anafunga mlango, halafu anaufungua tena ili anuse. Anuse nini, hata mwenyewe alikuwa hawezi kukwambia. Kibanda changu cha tofu, ile jibini ya maharage ya soya, kilikuwa ubavuni mwa chake, tumetenganishwa na ubao mmoja tu, na kila jioni nilikuwa namwambia, "Wee Sun-im, umeme si nyoka, hautakufuata nyumbani." Naye ananijibu, "Nyoka afadhali, dada. Nyoka unamwona."

Utauliza mwoga wa namna hiyo aliingiaje kwenye ufundi wa umeme. Aliingizwa na njaa. Alipokuwa msichana, kwao walimpeleka mjini kwenye kiwanda cha redio, akamalizia ujana wake huko akilehemu vile vidubwasha vyenye mistari ya rangi, ambavyo kazi yake ni kuuwekea umeme kikwazo usipite ovyo. Akiona mistari tu anakutajia ukinzani wake, omu ngapi, kama wewe unavyotaja jina la mwanao. Na huko huko ndiko alikouokota woga. Msichana wa meza ya pili alishika waya uliokuwa na umeme, kiganja kikajifunga juu ya waya, hakuweza kuachia tena. Sun-im alimwona mwanzo hadi mwisho. Tangu siku ile, kitu chochote cha umeme alikigusa kwanza kwa mgongo wa mkono, hata kama kimelala mezani bila plagi. "Kiganja kinang'ang'ania," alikuwa anasema. "Mgongo wa mkono unaruka."

Akaolewa huku kwetu na dereva wa lori ambaye kumwona nyumbani ilikuwa sikukuu, akafungua kibanda. Alitengeneza majiko ya wali, redio, birika, na zaidi ya yote mikeka ya umeme, ile unayoitandika chini ya godoro wakati wa baridi ikupashe mgongo. Watu walimcheka, lakini vitu vyao walimpelekea yeye. Si wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Fundi mwingine wa mji wetu alikuwa jasiri kweli kweli, na vidole vyake vilikuwa vimebaki saba.

Basi mwaka ule mtaa wetu ukabadilishiwa umeme. Tulikuwa na volti mia na kumi, tukawekewa mia mbili na ishirini, maana Korea nzima ilikuwa inahamia huko, mtaa baada ya mtaa. Vyombo vyetu vyote vilikuwa vya zamani. Ukichomeka redio ya mia na kumi kwenye ukuta mpya, inakohoa mara moja na mmeagana. Dawa yake ilikuwa transfoma, lidude zito la chuma linalonguruma kutwa kucha kwenye kona ya chumba.

Mzee Tak hakutaka transfoma. Alikuwa mstaafu wa stesheni ya treni, mpole, mwenye mkono wa birika, na alikuja na mikeka miwili mikubwa, wake na wa mkewe. "Fundi," alimwambia Sun-im, "ile kitu inanguruma kuliko tumbo la mke wangu. Nifanyie ujanja."

Sun-im akaipima mikeka. Ilikuwa ya aina moja, kila mmoja omu mia na kumi, hakuna uliompita mwenzake. Akamtengenezea kijisanduku cha mbao chenye soketi mbili. Umeme unaingia soketi ya kwanza, unazunguka mkeka wa kwanza, unatoka, unaingia soketi ya pili, unazunguka mkeka wa pili, ndipo unarudi ukutani. Njia ni moja, na zile volti mia mbili na ishirini zinagawanywa nusu kwa nusu.

Nikamuuliza umeme utajuaje kugawa sawa, kwani umesoma? "Haujui chochote, dada," akasema. "Mkondo ni mmoja. Unaopita hapa ndio huo huo unaopita pale, hauna pa kuchepukia. Sasa kila mkeka unakula volti kulingana na ukaidi wake. Ukaidi ukilingana, inakula sawa."

"Na usipolingana?"

"Ulio mkaidi zaidi unakula zaidi. Na unapata moto zaidi."

Alipolisema hilo uso wake ulibadilika, nikajua amejiogopesha mwenyewe. Akamgeukia Mzee Tak, akamwambia, "Mzee, hii ni mapacha. Humu kisiingie kitu kingine, hata taa." Mzee Tak akasema nimesikia, fundi. Na kusikia alisikia, masikio yake hayakuwa na ubovu wowote.

Baridi ilipokaza, mkamwana wao Mi-ryeong akajifungua mtoto wa kike. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka, na mumewe alikuwa Arabuni anajenga barabara. Bibi Hadong, mke wa Mzee Tak, ambaye tulimwita kwa jina la mji aliotoka kama tulivyowaita bibi wote, alikuwa ameapa kwamba huyu wa tatu hata upepo hautamgusa. Akafunga kamba ya majani ya mpunga langoni, imechomekwa makaa na vitawi vya msonobari, na kwa wiki tatu mgeni haruhusiwi kuivuka. Mtu aliyetoka msibani ndiyo kabisa, huyo hata kivuli chake kikiangukia lango ni balaa. Na Sun-im alikuwa amemzika mama yake mwezi ule ule. Utepe mweupe wa msiba ulikuwa bado kwenye nywele zake, juu ya sikio. Kila akipita njia ile alikuwa anahamia upande wa pili na kuinamisha kichwa, maana pamoja na woga wa umeme alikuwa na woga wa kila kitu kingine.

Siku ninayoisimulia ilikuwa mchana, theluji laini inaanguka, nami nakata tofu ya wateja wa chakula cha jioni. Mzee Tak akatokea, mkeka umekunjwa begani, kanyoa nywele, ananukia sabuni ya kinyozi.

"Fundi, mkeka umezeeka huu. Hautoi joto. Siku ya nne leo nalala kama samaki kwenye barafu, na bibi yenu anasema nimezeeka mimi, mkeka hauna kosa."

Nikamwambia mimi naafikiana na bibi. Sun-im naye akacheka kidogo, akautandaza mkeka mezani, akaugusa kwa mgongo wa mkono kama kawaida yake, akachomeka vijiti vya kipimo. Mshale ukapanda ukasimama.

"Mia na kumi," akasema. "Ni ule ule. Haujaumwa popote."

Akapima tena. Akageuza vijiti akapima mara ya tatu. Mimi nilikuwa naendelea kumtania mzee, lakini niliona mikono ya Sun-im imepunguza mwendo.

"Mzee," akasema, "kwenye ile soketi ya pili kuna nini?"

"Kuna mkeka."

"Ule pacha wa huu?"

"Ule tulimpelekea shemeji yangu, mgongo unamsumbua. Tumechomeka ule mdogo wa kuwekea miguu. Ni wa mtoto." Mzee Tak akatabasamu, maana kila akimtaja yule mtoto alikuwa anatabasamu. "Bibi kasema mkubwa una moto mkali, utamwunguza. Mdogo una moto wa upole. Chumba cha mzazi hatuwashi makaa chini ya sakafu, tunaogopa ule moshi wake, si unajua ulivyomaliza watu mtaa wa juu. Kwa hiyo joto lote anapata kwa huo mkeka mdogo. Na unapasha vizuri kupita matarajio."

Kwenye rafu ya Sun-im kulikuwa na mkeka mdogo wa aina hiyo hiyo, wa mteja mwingine. Akaushusha, akaupima. Mshale ukasimama kwenye mia mbili na ishirini. Akavuta kigoda akaketi.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Mdogo ndio mkaidi, dada." "Una waya mwembamba, ukinzani wake ni mara mbili ya huu mkubwa. Ukiwa peke yake ni mpole, kweli. Lakini ukiupanga njia moja na mkubwa, jumla ni mia tatu na thelathini, na yeye mdogo anachukua mafungu mawili katika matatu. Ndiyo maana mzee anaona baridi. Joto lake lilikuwa linakwenda kwa mtoto. Ule mkeka unakula volti karibu mia na hamsini, na umetengenezwa kwa mia na kumi."

Nami nikaanza kuogopa, lakini akili yangu bado ilikuwa inafanya kazi. Nikamwambia, "Subiri. Wewe si ulinifundisha njia ni moja? Mkubwa si huu hapa mezani? Basi njia imekatika, mdogo umezimika zamani."

Akaniangalia. Akashusha pumzi ndefu, rangi ikamrudi usoni. "Kweli," akasema. "Umezimika. Mungu akupe heri, dada. Umezimika."

"Ulizimika, ndiyo," akadakia Mzee Tak, akifurahi kwamba naye analielewa jambo. "Nilipochomoa huu, mdogo nao ukafa papo hapo. Bibi akanifokea sana, ananiuliza nataka mtoto agande? Basi pale penye nafasi akachomeka pasi. Mdogo ukafufuka. Mambo yakawa safi."

Sijui kama umewahi kumwona mtu akipauka uso wote kwa mara moja. Mimi nilimwona.

"Pasi ya mia na kumi?" Sun-im akauliza.

"Kwani mimi nina pasi ngapi?"

"Umetoka nyumbani lini, mzee?"

"Kitambo. Nilipitia kwa kinyozi, tukapiga soga."

Sun-im akasimama akatoka mbio. Hakuchomoa hata plagi moja. Chuma chake cha kulehemu kilibaki mezani kinatoa moshi, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko maneno yote. Nikachomoa mimi, nikaacha tofu yangu ndani ya maji, nikamkimbilia. Nyuma yetu Mzee Tak alikuwa anauliza, "Sasa mkeka wangu je?"

Nyumba ya kina Tak haikuwa na simu, walikuwa wameomba tangu masika. Ilikuwa ni kukimbia tu, kupita wauza samaki, kupita daraja, kupanda ule mteremko wa mawe ambao theluji imeshaulainisha. Nilimshika pale darajani, alikuwa anapumua na kuhesabu kwa pamoja kama mtu mwenye homa.

"Pasi omu kumi na mbili," alikuwa anasema. "Kumi na mbili na mia mbili ishirini. Pasi haizuii kitu, dada. Inauacha umeme upite wote. Volti zote zinauangukia ule mdogo, zaidi ya mia mbili. Karibu mara mbili ya kiwango chake."

"Basi moto mara mbili."

"Si mara mbili. Volti zikiwa mara mbili, moto ni mara nne." Akateleza, akainuka na goti linavuja damu. "Mara nne, chini ya shuka na mablanketi. Ule mkeka hauna hata kifaa cha kujikata ukizidi. Mimi ndiye niliyetengeneza kile kijisanduku. Ningefunga waya moja kwa moja asingeweza kuchomeka kitu. Nikaweka soketi ili ipendeze."

Nilikuwa natazama juu ya mteremko kama kuna moshi, na kila bomba la nyumba lilikuwa linatoa moshi, kwa kuwa ni mchana wa baridi na watu wanapika. Huwezi kujua upi ni upi.

Tukafika langoni. Kamba ilikuwa pale, imelegea kidogo katikati, theluji imetua juu ya makaa yake. Ng'ambo yake Bibi Hadong alikuwa mlangoni pa jiko, upawa mkononi, anakoroga supu ya mwani ya mzazi. Aliona utepe mweupe kabla hajatuona sisi.

"Rudi nyuma," akasema. Hakupaza sauti. "Sun-im, wewe una akili kweli? Na huo utepe kichwani unakuja kwenye lango langu?"

Sun-im akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Ikabidi niseme mimi. "Bibi, chomoa mkeka wa mtoto. Sasa hivi. Unaungua."

"Unaungua wapi? Nimetoka humo sasa hivi, mzazi amelala. Anatoka jasho vizuri, nimemwambia avumilie, jasho ndilo linalofunga mifupa."

"Bibi, ile pasi."

"Pasi?" Bibi Hadong akanikazia macho kana kwamba mimi ndiye mjinga wa mji. "Unadhani mimi mtoto? Kitu cha kwanza nilichokigusa ni pasi. Pasi ni baridi. Haina hata joto la kikombe cha chai."

Hapo ndipo sauti ya Sun-im ilipotoka. "Ndiyo maana, bibi," akasema. "Ni baridi kwa sababu moto wote umekwenda kwa mtoto."

Bibi Hadong alisimama na upawa wake, supu inadondoka kwenye theluji. Nilimwona anataka kuelewa na hataki. Kama ni baridi, ni salama, hivyo ndivyo alivyoishi na pasi miaka yote, na sasa anaambiwa baridi ndiyo hatari. Kwa upande wa pili kulikuwa na kamba, na mimba mbili zilizotoka, na utepe wa maiti kwenye nywele za mwanamke mwoga kuliko wote sokoni. "Ngojeni hapo hapo," akasema. "Nitakwenda kuangalia mwenyewe. Msithubutu." Akageuka, lakini goti lake lilikuwa bovu na ua lilikuwa barafu tupu. Alikwenda hatua kwa hatua, akishika ukuta.

Nami nikasikia harufu. Si ya supu. Ilikuwa harufu ya ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni.

Sun-im akaivuka kamba. Hakuiruka. Alipita nayo tu, ikakatika kifuani kwake, makaa na msonobari vikamwagika chini. Hakwenda chumbani. Alikwenda barazani, chini ya mwezeko, kwenye ile swichi kubwa ya nyumba tunayoiita nyumba ya chura. Na chura wa kina Tak alikuwa amepasuka kifuniko tangu zamani, shaba zake ziko nje. Sun-im mwenyewe alikuwa amewasihi mara nyingi waibadilishe, na alikuwa hapendi hata kusimama karibu nayo. Sasa alikuwa mbele yake, mikono imelowa theluji.

Nilimwona ananyanyua mkono, ameugeuza mgongo kuelekea shaba. Akaushusha. Nikasema basi, hapa ndipo alipoishia. Kumbe alikuwa anavua kiatu. Akakishika kile kiatu cha mpira kwa kisigino, akafumba macho, akaipiga swichi kwa nguvu zake zote. Ilitoa cheche ya bluu, ikadondoka. Redio iliyokuwa inaimba jikoni ikanyamaza.

Ndipo wote watatu tukaingia chumbani, Bibi Hadong mbele.

Mi-ryeong alikuwa amelala pembeni, kwenye sakafu tupu. Joto lilipomzidi alisogea mwenyewe, kwa kuwa aliambiwa avumilie akaona aibu kuita. Lakini mtoto alimwacha juu ya mkeka, maana mtoto hatakiwi kupata baridi. Bibi Hadong akafunua blanketi. Moshi mwembamba ukatoka, ukatuingia machoni. Kichanga kilikuwa chekundu, kimelegea, midomo imekauka, macho yamefumba. Hakikuwa kinalia. Bibi Hadong akakinyakua, akakiita kwa jina la utani walilokuwa wanakiitia, maana jina lenyewe kilikuwa hakijapewa, akakitikisa, na hakikulia. Sun-im alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mkononi, anasema mimi, ni mimi, ni kijisanduku changu. Nilimwambia anyamaze, kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nataka kusikia kama mtoto anapumua.

Mi-ryeong ndiye aliyejua la kufanya. Alimvua mtoto nguo zote mbele ya mlango uliokuwa wazi, kitu ambacho kwa siku zile hata mwendawazimu asingefanya, akachovya vidole kwenye theluji ya kizingitini, akampangusa kichwa na kifua. Mara moja. Mara ya pili. Mtoto akapiga chafya. Halafu akalia, kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa.

Tulipoinua matandiko tuliona pamba ya kigodoro imekuwa nyeusi kuanzia chini, umebaki unene wa kidole tu kabla ya kufika juu. Mgongoni mwa mtoto kulikuwa na alama nyekundu ndogo kuliko kifungo. Pasi ilikuwa kwenye kona, imesimama kwa heshima zake. Niliigusa. Ilikuwa baridi kabisa.

Bibi Hadong alimrudisha mtoto kwa mama yake. Akaenda jikoni akarudi na kopo la chumvi, akasimama mbele ya Sun-im, akaanza kumrushia. Alimrushia usoni, kichwani, kifuani, kama anavyofukuzwa pepo. Alikuwa analia huku anarusha, na maneno aliyokuwa anayasema siwezi kuyarudia hapa. Nilitaka kumshika mkono. Sun-im akatikisa kichwa kunikataza. Alisimama pale barazani kwa mguu mmoja wenye kiatu na mmoja mtupu, akapokea chumvi yote hadi kopo likaisha. Mzee Tak ndipo alipoingia, anahema, mkeka mkubwa mgongoni, akauliza kama umeshapona.

Tulirudi pamoja hadi darajani. Hapo Sun-im akaketi kwenye theluji. Akaniambia, "Nimeivuka kamba, dada. Mtoto akipata kitu watasema ni mimi."

"Wangesema nini kama usingeivuka?" nikamuuliza.

"Wasingesema kitu. Wangelia tu." Akapangusa chumvi kwenye kope. "Lakini akipata kitu, dada? Akipata homa tu?"

Usiku ule najua hakulala, na mimi sikulala. Asubuhi kabla sijapasha maziwa ya soya ya tofu, nikamwona Bibi Hadong anakuja sokoni kwa goti lake bovu, amejifunga kitambaa kichwani. Nikasema moyoni, mtoto amekufa. Sun-im naye alisema hivyo hivyo, nilimwona anashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Bibi Hadong akasimama mbele ya kibanda. Akaweka kile kijisanduku juu ya meza, waya umekatwa kwa mkasi. Alimtazama Sun-im, akautazama na utepe.

"Nimefunga kamba mpya," akasema. "Nimeanza kuhesabu upya, siku ya kwanza ni leo. Mtu yeyote haingii."

"Ndiyo, bibi," akasema Sun-im.

"Wewe umeshaingia. Ulicholeta umeshaleta, siwezi kukirudisha." Akakohoa. "Nimenunua mkeka mpya, wa umeme huu mpya. Siuamini. Nimeugusa mwenyewe, lakini sasa siuamini hata mkono wangu. Utakuja kila asubuhi kuugusa."

Sun-im akasema utepe huu, bibi, siwezi kuutoa hadi siku arobaini na tisa za msiba wa mama ziishe. Bibi Hadong akamwambia hajamwuliza habari za utepe.

Basi katika mji mzima, mtu pekee aliyevuka kamba ile mpya alikuwa yeye, mwenye msiba wake kichwani. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda nilikuwa namwona anapanda mteremko, anatetemeka vile vile kama siku ya kwanza. Anainama chini ya kamba, anavua viatu, anaingia, anaweka mgongo wa mkono juu ya mkeka, karibu na mtoto aliyelala, anangoja.